Bomba la jiko, dohani, na moto wa ughaibuni

Leo tuzungumzie bomba. Sio bomba la maji, maana hilo sisi wa Dar es Salaam tumeshalilalamikia mpaka limechoka lenyewe. Nazungumzia bomba la moshi, lile linalotoka juu ya jiko la kuni na kupanda hadi nje ya paa. Najua wengi mnaosoma hapa mnapikia gesi, na kuni mnaonana nazo mkienda kijijini mwezi wa Desemba. Vumilieni kidogo. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini mwandishi wa habari kakaa kitako kuandika habari za mabati na skrubu.

Mwezi Oktoba 2022 nilikuwa Marekani kwa mafunzo ya miezi mitatu, nikafikia kwa dada yangu katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine. Hiyo Maine iko kaskazini mashariki kabisa ya nchi ile, kule inakopakana na Kanada. Msishangae Waswahili kuishi huko. Wasomali walianza kuhamia Lewiston mwaka 2001, baadaye wakaja Wakongo, Waangola, Warundi na wengineo. Ukitembea barabara ya Lisbon pale katikati ya mji si ajabu kusikia Kiswahili, tena cha Uvira, cha Bujumbura na cha Mombasa, vyote dukani mara moja. Shemeji yangu mwenyewe ni Mkongo wa Bukavu.

Sasa kule kuna baridi. Nikisema baridi simaanishi ile ya Lushoto au Njombe inayotufanya tupige picha tumevaa makoti. Namaanisha usiku wa Januari kipimajoto kikishuka nyuzi 15 chini ya sifuri, watu wanaona kawaida tu. Nyumba isiyo na moto haikaliki, na mabomba ya maji ndani yake yanaganda na kupasuka. Nyumba nyingi za Maine, zaidi ya nusu, hupashwa joto kwa mafuta yanayofanana sana na dizeli. Hakuna jimbo lingine Marekani linalotegemea mafuta hayo kwa kiasi hicho. Na mwaka ule wa 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei ilipanda ikapita dola 5 kwa galoni. Tangi la kawaida la nyumba ni la galoni 275. Pigeni hesabu wenyewe. Kulijaza mara moja tu ni zaidi ya dola 1,000, na tangi moja halimalizi majira ya baridi.

Ndiyo maana shemeji alikuwa ameamua kurudi kwenye kuni. Nyumba waliyonunua ni ya mbao, ya chini, ya siku nyingi, na sebuleni tayari palikuwa na jiko la chuma la kuni lililoachwa na mwenye nyumba wa zamani. Mtu angeweza kusema, si mna jiko, kinachosubiriwa ni nini? Washeni!

Shemeji alikataa. Aliniita akanionyesha bomba lililounganisha jiko na dari. Lilikuwa bomba la ukuta mmoja, bati jeusi tu, limepita kama sentimita 20 kutoka ukuta wa mbao. Kwenye kila maungio kulikuwa na michirizi myeusi iliyoteremka kwa nje, imekauka, inang'aa kama lami. Ukutani nyuma ya bomba rangi ilikuwa imegeuka kahawia. Shemeji akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Moto haichekaka na mutu, shemeji." Yaani moto hauna mzaha na mtu. Akaita fundi.

Fundi alikuwa mzee wa huko huko, miaka sitini na ushee, kazi yake kufunga na kusafisha dohani. Na kwa vile mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, nilikaa naye siku mbili namuuliza, naandika. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza alitutenganishia vitu viwili ambavyo wengi wetu tunaviona ni kitu kimoja. Kuna bomba la jiko, na kuna dohani. Bomba la jiko huanzia kwenye shingo ya jiko, pale juu moshi unapotokea, na huishia kwenye dari. Hilo unaliona kwa macho ukiwa umekaa sebuleni. Dohani inaanzia hapo darini, inapita kwenye uwazi kati ya dari na paa, halafu inatokeza nje. Kwa Kiswahili tuna neno dohani, tulilolitoa Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni moshi wenyewe. Lakini neno la kile kipande cha chini, cha kuunganishia, hatuna lililozoeleka. Tunasema tu "bomba". Na kumbe kuchanganya vitu hivi viwili kunaunguza nyumba.

Sikilizeni tofauti yake. Bomba la jiko la kuta mbili ni bomba ndani ya bomba. La ndani ni chuma kisichoshika kutu, la nje ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na katikati kuna nafasi ndogo yenye hewa tu. Dohani ya kiwandani nayo ina kuta mbili, lakini katikati yake pameshindiliwa nyuzi za madini zinazozuia joto, unene wa inchi moja au zaidi. Zile za jiko la kuni hujaribiwa kwa kupitishiwa joto la nyuzi 1,150 hivi za Selsiasi kwa dakika kumi, mara tatu. Kwa hiyo dohani inaruhusiwa kupita darini na kwenye paa, mradi pabaki nafasi tupu, kwa kawaida inchi 2, kati yake na mbao. Bomba la jiko haliruhusiwi kabisa kupita ndani ya dari wala ndani ya ukuta, hata likiwa na kuta mbili. Kazi yake inaishia pale unapoliona.

Halafu kuna bomba la tatu ambalo ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu kwa sura linafanana na hayo mengine. Ni bomba la kuta mbili la kutolea hewa chafu ya vifaa vya gesi, kama vile mitambo ya kuchemshia maji. Nalo linauzwa madukani, na ni la bei nafuu. Lakini ukuta wake wa ndani ni alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moto ukiwaka ndani ya dohani ya kuni huweza kupita nyuzi 1,000. Shemeji aliniambia kuwa kwenye duka moja, jina tuliache, kijana wa kaunta alikuwa ameshaanza kumfungia hayo mabomba ya gesi. Alimwuliza tu anataka kipenyo gani, akajibiwa inchi 6, basi. Hakumwuliza kinachochomwa ni nini. Bomba la kuta mbili ni bomba la kuta mbili, sivyo? Sivyo hata kidogo.

Haya, tuje kwenye maungio yenyewe, maana hapo ndipo kiini cha mada.

Swali nililoanza nalo lilikuwa hili: vipande viwili vya bomba vikikutana, kipi kiingie ndani ya kipi? Mimi, na nadhani na wewe msomaji, akili ya haraka inasema cha juu kikivae cha chini kama kofia, ili moshi unaopanda usipate upenyo wa kutokea. Ndivyo alivyofikiri pia yule aliyefunga bomba la zamani. Fundi akatikisa kichwa. Kila kipande cha juu lazima kiingie NDANI ya kile cha chini yake, kuanzia darini mpaka shingoni mwa jiko. Ncha iliyofinywa inaelekea chini.

Sababu ni mbili, na zote ni nzuri. Ya kwanza, kinachopanda ni moshi, lakini kuna kinachoteremka. Moshi wa kuni ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi ungali ndani ya bomba, mvuke wake hugeuka majimaji meusi, mazito, yenye harufu kali, yanayoitwa kreosoti. Hayo huteremka kwa ndani. Bomba la juu likiwa limeingia ndani ya la chini, majimaji yanarudi jikoni kuungua. Likiwa limevaa kwa nje, yanatokea kwenye kila maungio. Hiyo ndiyo ilikuwa michirizi ya shemeji. Tazama bomba la kuteremshia maji ya mvua kwenye nyumba yoyote Sinza au Nakuru, limefungwa hivyo hivyo, cha juu ndani ya cha chini. Fundi wa mvua anajua.

Sababu ya pili ilinishangaza zaidi. Moshi hauvuji kwenye maungio kwa sababu dohani ikifanya kazi sawasawa, msukumo wa hewa ndani ya bomba ni mdogo kuliko wa sebuleni. Kukiwa na upenyo, hewa ya chumbani ndiyo inayovutwa kuingia bombani. Dohani ni pampu isiyo na injini. Hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 250 ndani ya bomba ina uzito kama nusu tu wa hewa ya baridi iliyoko nje usiku wa Januari. Ile nzito inaisukuma ile nyepesi juu, na mvuto unaendelea. Kadiri dohani inavyokuwa ndefu na ya moto, ndivyo inavyovuta. Ikipoa, pampu imesimama, na kila ulichokuwa unakisukuma nje kinarudi ndani kwako.

Na hapo ndipo nikaelewa kazi ya kuta mbili. Nilidhani ukuta wa pili ni wa kumlinda mtoto asiungue. Kweli unapunguza joto la nje, na ndiyo maana bomba la namna hii, kwa aina nyingi, linaruhusiwa kukaa inchi 6 kutoka ukuta wa mbao, wakati la ukuta mmoja linahitaji inchi 18. Kumbuka lile la zamani lilikuwa inchi 8 tu! Na mbao iliyopashwa joto kila siku kwa miaka mingi hubadilika, inakauka na kuwa nyeusi, mwishowe inashika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ukuta wa kahawia ulikuwa umeshaanza safari hiyo. Lakini kazi ya pili ya kuta mbili ni kuutunza moshi ubaki na joto lake hadi utoke nje. Moshi wa moto unavuta vizuri, na haugandi kuwa kreosoti. Kwa hiyo ukuta ule unakulinda hata usipougusa.

Kazi yenyewe ya kufunga ilikwenda hivi. Fundi alishusha timazi kutoka darini mpaka katikati ya shingo ya jiko. Timazi ile ile ya mafundi wetu, uzi na kipande cha chuma. Alitaka bomba lipande wima bila kona hata moja, maana kila kona inapunguza mvuto na inakusanya masizi. Kanuni za kule zinaruhusu kona, lakini jumla yake isizidi nyuzi 180, yaani kona mbili za mraba, na pale bomba linapolala lazima lipande kidogo, kama sentimita 2 kwa kila mita. Yeye alisema kona bora ni ile isiyokuwepo.

Akakata tundu darini, akafunga sanduku la chuma kwenye mihimili. Sanduku hilo ndilo linalobeba uzito wote wa dohani, sio jiko. Juu yake akapandisha vipande vya dohani, kimoja juu ya kingine, kila kimoja unakizungusha mpaka kinajifunga. Kwenye paa akaweka bati la kuzuia maji, na kileleni kofia. Urefu nao una kanuni yake: dohani izidi paa kwa futi 3 pale inapotokea, na ilizidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kutoka hapo. Ukiifupisha, upepo unaopita juu ya paa unausukuma moshi kurudi chini.

Kisha tukarudi sebuleni. Chini ya sanduku la darini akafunga adapta, kipande kifupi ambacho juu kinashika dohani na chini kinaingia kwenye bomba la jiko. Hii ndiyo pacha yenyewe, mahali ambapo vitu viwili vya jamii mbili vinakutana. Akasisitiza kwamba adapta, bomba na dohani vitoke kwa mtengenezaji mmoja, au viwe vimeandikwa wazi kuwa vinaoana. Vya watengenezaji tofauti vinaweza kuonekana vinaingiana, kumbe vimepishana milimita chache. Kati ya adapta na jiko aliweka kipande cha kuvutika, kama antena ya redio ya mkulima, ili siku ya kusafisha ukifupishe na kulitoa bomba bila kulisogeza jiko. Ukuta wa ndani wa bomba ukaingia ndani ya shingo ya jiko, ule wa nje ukabaki kwa nje. Ile nafasi ya hewa katikati aliiacha wazi. Hakuziba kwa saruji wala kwa kitu kingine chochote, kwa sababu hewa ile ndiyo kinga yenyewe.

Mwisho, skrubu tatu kwenye kila maungio, zilizogawanywa sawa kuzunguka bomba. Alitumia fupi, zile zilizokuja na bomba, maana skrubu ndefu ingetoboa ukuta wa ndani. Nikamwuliza, kama moshi hauvuji na vipande vimeingiana vizuri, skrubu za nini? Akasema siku dohani ikishika moto, kreosoti ikawaka humo ndani, bomba zima linatetemeka na kunguruma kama treni. Siku hiyo hutaki vipande viachane.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu fundi yule ambalo lilinikaa. Miaka arobaini kazini, na bado alikuwa amekiweka kijitabu cha maelekezo ya mtengenezaji sakafuni, kimefunguliwa, anakisoma kabla ya kila hatua. Baada ya hapo akaja mkaguzi wa mji, naye akakagua, akasaini kibali, na karatasi ikapelekwa kwa watu wa bima. Mtu anaweza kuuona huo urasimu. Mimi niliona watu wamekubaliana kuwa moto wa jirani ni jambo la mtaa mzima.

Moto wa kwanza waliwasha jioni. Walianza kwa kukunja gazeti, kuliwasha, na kulishikilia karibu na tundu la bomba ili hewa ya juu ipate joto kwanza na mvuto uanze. Mwandishi wa habari kuangalia gazeti likichomwa si jambo rahisi, lakini niliona lina manufaa kuliko magazeti mengine niliyowahi kuyasoma. Moshi ukazunguka kidogo, ukasita, halafu ukavutwa juu wote kwa mara moja. Dada akafungua madirisha kwa saa nzima kwa ajili ya harufu ya rangi mpya. Ukutani kulikuwa na king'ora cha kaboni monoksaidi. Kilikaa kimya.

Sio kwamba Wamarekani walizaliwa wakiyajua haya. Benjamin Franklin mwenyewe, yule wa noti ya dola 100, alibuni jiko la chuma miaka ya 1740, akachapisha kijitabu cha kulisifia mwaka 1744. Jiko lile liliushusha moshi kwanza kabla ya kuupandisha, na moshi ukipoa njiani haukupanda tena. Ilibidi waje wengine waurekebishe mfumo wa kutoa moshi. Mtu mwenye akili kiasi kile alishughulika na moto, dohani ikamshinda.

Sasa naja nyumbani, na hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Kila mwaka majira ya baridi, nyanda za juu zetu, Njombe, Mbeya, na kwa jirani zetu Limuru na Nyandarua, zinatoka habari zinazofanana. Familia imeingiza jiko la mkaa chumbani kuota moto, wamefunga mlango na madirisha, wamelala, hawakuamka. Sisi waandishi tunaandika "wamefariki kwa kukosa hewa". Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na tangu nirudi kutoka Maine linanikera. Linamfanya msomaji adhani hewa ilikwisha tu chumbani, na kwamba akiacha dirisha wazi kidole kimoja mambo yatakuwa shwari.

Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, gesi inayotokana na mkaa au kuni zisizoungua kikamilifu. Haina rangi, haina harufu. Fikiria damu yako kama daladala, na oksijeni ni abiria anayepandia mapafuni na kushuka kila kituo mwilini. Kaboni monoksaidi inashika viti vile vile, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki. Gari linazunguka limejaa, vituoni abiria wa maana hashuki hata mmoja. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, usingizi unakuja, na mtu anadhani ni uchovu wa siku.

Na mkaa unadanganya kuliko kuni kwa sababu hautoi moshi. Kuni zikikosa njia ya kutokea, macho yanawasha, unakohoa, unakimbilia nje. Mkaa ukishakolea unakaa pale mwekundu, mpole, kama rafiki. Watu wanadhani penye moshi ndipo penye hatari, na pasipo moshi ni salama.

Halafu kuna wale wasiokufa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia, inaua karibu watu milioni 3 duniani kila mwaka. Ni mama zetu na bibi zetu, na watoto wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika. Serikali ya Tanzania ilizuia taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kupikia kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024, na mwezi Mei mwaka huo ikazindua mkakati wa kuhakikisha asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono. Lakini kati ya leo na 2034 kuna ugali mwingi sana utakaopikwa kwa kuni.

Nimehudhuria hafla za kugawa majiko banifu, nimepiga picha, nimeandika habari. Majiko mengi yanapunguza kuni kweli. Sikumbuki hafla hata moja ambapo mgeni rasmi alizungumzia moshi unatokea wapi. Tunahesabu majiko yaliyogawiwa, hatuhesabu dohani zilizotokeza juu ya paa. Yaani tunampa mtu moto wenye mlango wa kuingilia tu.

Hatuhitaji bomba la kuta mbili la Maine, najua. Baridi yetu sio ile, na bei yake hatuiwezi. Lakini kanuni zake hazibagui nchi. Moshi utoke nje ya paa, si uishie chini ya bati. Bomba la chuma likae mbali na mbao, na mbali zaidi na nyasi za kuezekea. Vipande vya juu viingie ndani ya vya chini. Kuni zikaushwe, maana kuni mbichi ndizo zinazozalisha masizi. Dohani isafishwe. Na jiko la mkaa, jamani, lisilale chumbani na watu, hata liwe na majivu juu, hata dirisha liwe wazi kidogo. Mkaa hauna dohani.

Kwa wenzangu wa kalamu nina ombi dogo. Habari ya namna ile ikifika tena mezani kwako, na itafika, usiishie kwenye "kukosa hewa". Itaje gesi kwa jina lake, na uongeze sentensi moja tu ya kueleza inavyoua. Nafasi ya sentensi moja gazetini haikosekani.

Na nyote mnaosoma, kama lugha ya kwenu ina neno la kile kipande kinachounganisha jiko na dohani, Kihehe, Kikinga, Kigikuyu, Mashi, chochote kile, niandikieni. Kitu kisipokuwa na jina ni vigumu kumkumbusha mtu kukiweka.

Wiki njema.